Jicho Lililolia Peke Yake

Bismillahi. Naanza na jina Lake, kwa sababu bila Yeye ningekuwa nimeshafukiwa zamani na hakuna ambaye angejua nimekufa na nini. Wangesema tu: Zaina amemfuata mumewe, majonzi yamemmaliza.

Mimi ni Zaina binti Sefu, wa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura. Shule nilisoma miaka mitatu, na chuo nikasoma kwa Maalim Hamza mpaka nikamaliza juzuu ya Amma. Kuandika naandika polepole. Lakini majina sisahau. Mtu akinipa jina lake mara moja, limekaa. Kwa hiyo waliokuwepo nitawataja, waliokosea na waliosaidia, na mtaona mara nyingi ni watu walewale.

Kabla ya hayo yote tuliishi maisha ya kawaida. Nyumba yetu iko avenue ya kumi na tatu, kati ya duka la vipuri na msikiti. Mume wangu Bakari alikuwa fundi wa rejeta za magari. Tulikaa pamoja miaka arobaini na miwili, na mikono yake haikuwahi kutoka harufu ya risasi ya kulehemu, hata siku ya Idi. Mimi asubuhi nilikaanga vitumbua mlangoni, na mafundi wa mtaa walikula kwangu kabla ya kuingia chini ya magari. Watoto tunao wawili. Hamisi anafanya kazi gereji ileile ya baba yake. Hadija ameolewa Mutakura, anauza vitenge sokoni huko.

Sukari nilikuwa nayo miaka mingi. Nilipewa tembe za kumeza asubuhi na jioni, na mimi ni mvivu wa dawa. Bakari ndiye aliyekuwa dawa yangu. Kila asubuhi alitoa tembe akaiweka kwenye kisahani, pembeni ya kikombe changu cha chai isiyo na sukari, halafu akagonga kikombe na kijiko, ting ting. "Binti Sefu, mmezee mume wako." Nikameza. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiwekea tembe mwenyewe. Hilo mlishike, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Ilipokuja korona, ile ya pili yenye nguvu, Bakari ndiye alianza kukohoa. Alisema ni moshi wa gereji. Siku ya tano alishindwa kutembea kutoka kitandani mpaka chooni. Hamisi akampeleka hospitali, wakamweka kwenye hewa ya chupa, na sisi hatukuruhusiwa kuingia. Nikabaki nyumbani, na homa ikanishika na mimi. Baada ya siku sita akafariki. Walimzika watu waliovaa nguo za plastiki, Hamisi na wenzake wakasimama mbali. Mimi nilikuwa nimelala, kichwa hakinyanyuki. Waliponiambia, nilisema, "Inna lillahi," nikageukia ukutani, nikalala. Sikutoa chozi hata moja. Sikuwa na maji mwilini. Lakini nawaambia, hilo la kutokulia liliniuma kuliko homa.

Hadija alirudi kutoka hospitali na mfuko wa vitu vya baba yake: kofia, tasbihi, simu, na pakiti za tembe ndogo nyeupe zilizobaki. Wifi yangu Mwamini, dada yake Bakari, alikuwa ameshahamia kwangu kuniangalia. Akazishika zile pakiti.

"Hii ndiyo walikuwa wanamupa kaka," alisema. "Ni ya kifua. Na huyu anakohoa kama mbuzi. Sasa tuitupe?"

"Apana, shangazi. Tuulize kwanza," Hadija akasema.

"Tuulize nani? Iliandikwa na dokteri mukubwa. Kifua cha mwanaume na kifua cha mwanamuke si vyote vinapumua?"

Nikapewa. Na niwaambie kweli: zilinisaidia. Siku ya pili nilikaa. Siku ya nne nikala ugali. Kifua kikawa chepesi, njaa ikarudi, mpaka Mwamini akasema kaka yake ameniachia zawadi. Zilipoisha, Hadija akanunua nyingine kama zile, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Nilizimeza karibu mwezi mzima, huku tembe zangu za sukari zikikaa kabatini. Hakukuwa na mtu wa kugonga kikombe.

Basi nikakaa eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo. Hiyo ndiyo dini. Lakini sisi watu wa mitaa ya zamani tuna nyongeza zetu tulizorithi kwa mabibi, na Mwamini alizijua zote. Alishika eda yangu kama askari wa mpakani. Siku ya kwanza tu alikwenda kwenye kioo kikubwa cha sebuleni akakigeuza ukutani. Cha chumbani akakifunika na shuka. Mjane hajiangalii, alisema, akijiangalia anaita mauti mengine ndani ya nyumba. Mimi sikubisha. Mama yangu alifanya vilevile.

Na wageni wakaja kila siku. Nani angekaa mbali na mjane wa Bakari? Walikuja na maandazi, halua, mikate, na chai ya maziwa iliyokolea. "Kunywa, Zaina, msiba unataka nguvu." Nikanywa. Nilikunywa sukari yote ya Buyenzi.

Mara pua ya kulia ikaziba. Nikajua ni mafua ya korona hayajaisha. Halafu shavu la kulia likawa zito, kama siku ile nilipong'olewa jino na sindano haijaisha. Nilijipapasa nikaona mkono wangu unashika ngozi ya mtu mwingine. Kichwa kikauma upande mmoja, kuanzia jino la juu mpaka kwenye nyusi. Na jicho la kulia likaanza kutoa machozi.

Machozi yalitoka mchana kutwa. Wageni wakaingia, wakaniona nimekaa kwenye mkeka, machozi yananitiririka, wakatikisa vichwa.

"Masikini, mpaka leo analia."

"Huyo alimupenda mume wake. Si kama sisi, sisi tutacheka siku ya tatu."

Na mimi nikanyamaza. Hapa ndipo kosa langu mimi, si la Mwamini wala la Hadija. Nilijua jicho linauma. Nilijua la kushoto ni kavu. Lakini siku ya maziko sikulia, na sasa watu waliona nalia, na moyo wangu ukatulia. Nikasema wacha lilie. Bakari anastahili.

Mwamini alinitia maji ya zamzam jichoni, akanikanda na majani ya chai. Zamzam haina kosa, kosa ni kuchelewa. Siku moja nilipenga pua, kitambaa kikatoka na kitu cheusi kama masizi ya sufuria, chenye harufu ya panya aliyekufa darini. Mwamini akasema ni moshi wa makaa, akahamisha mbabula, jiko letu la makaa, akaiweka uani. Kesho yake kope la juu likashuka, halikunyanyuka tena. Nikilinyanyua kwa kidole naona vitu viwili viwili. Nilimwona Mwamini wawili wamesimama mlangoni.

"Wifi, mmoja ananitosha," nikamwambia.

Akacheka. Tulicheka wote.

Hadija alikuwa hajaja siku nane kwa sababu watoto wake waliumwa. Siku aliyokuja, aliweka kikapu chini na mikono ikabaki hewani.

"Mama! Uso wako!"

"Una nini?"

"Hamumuoni? Shangazi, humuoni? Jicho limetoka inje!"

Akaenda kwenye kioo cha sebuleni, akakishika kwa mikono miwili. Mwamini akamzuia.

"Usiguse! Unataka kutuletea maiti ingine?"

"Maiti ndiyo hii!" Hadija akasema, na akakigeuza.

Nikajiona. Sijui niseme nini. Upande mmoja alikuwa Zaina. Upande wa pili alikuwa mtu nisiyemjua, shavu limevimba linang'aa, jicho limesukumwa mbele kama embe linalotoka kwenye mfuko, na chini yake, karibu na pua, alama nyeusi, ndogo kama sarafu.

Mngedhani niliamka hapohapo nikapanda taksi. Hapana. Nilikataa. Nilimwambia Hadija sitoki nyumba ya mume wangu kabla ya siku zangu. Siku zake za mwisho hakulala kwangu, na sasa mimi nimuache? Hadija alilia, akapiga magoti. Mwamini akasimama upande wangu. Siku mbili nzima zikapita hivyo, na jicho likaacha kuuma. Nikafurahi kwamba limeacha kuuma. Halafu nikafunga la kushoto ili nijaribu, na dunia ikazimika. Lilikuwa limekufa.

Hamisi ndiye alikwenda kumwita Sheikh Yasini wa msikiti wetu. Akaja baada ya adhuhuri, akakaa nyuma ya pazia, akatoa salamu.

"Bi Zaina, nani amekwambia mgonjwa hatoki eda kwenda kutibiwa?"

"Sheikh, nimekuta hivyo."

"Umekuta kwa nani? Eda si jela. Kutibiwa ni haja, na mwenye haja anatoka, mchana anatoka, eda yake inakwenda naye. Na hicho kioo, nani alikigeuza ukutani?"

Mwamini akasema kwa sauti ndogo, "Mimi, sheikh."

"Nionyeshe aya yake."

Wifi yangu huyu, mwenye neno kwa kila jambo, akainuka. Halafu akaenda kuniletea viatu. Ilikuwa siku ya thelathini na nane.

Hospitali tulipokewa na daktari wa macho, mwanamke mwembamba, jina lake Dokta Goreti. Nilimpenda kwa sababu kabla ya jicho aliniuliza jina.

"Mama Zaina, limeanza lini?"

"Tangu msiba. Ni kulia."

Akaja karibu, akanyanyua kope la kushoto, akanyanyua la kulia. "Na hili la kushoto linalia?"

"Hapana."

"Mama, ni msiba gani huo unaolia jicho moja?"

Akanichoma shavu na ncha ya sindano, akauliza kama nasikia. Sikusikia. Akaniambia nifungue mdomo, akamulika juu, kwenye dari la kinywa, na tochi ikabaki pale muda mrefu. Akanitoboa kidole apime sukari. Mashine haikuandika namba, iliandika herufi. Akaniambia sukari imepita mwisho wa mashine. Hadija akatoa mfukoni pakiti ya zile tembe ndogo nyeupe. Dokta Goreti akaisoma, akakaa chini.

"Nani alimuandikia hizi?"

Hadija akashika ukuta. Nikasema, "Nilijipa mwenyewe." Ni uongo, Mungu anisamehe, lakini mtoto wangu alikuwa anaanguka.

Siku hiyohiyo tulipelekwa kupigwa picha ya kichwa kwenye kliniki moja ya juu, njia ya kwenda Kiriri. Wakati wa kushuka garini, niliona mji wote chini, mabati, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Niliona kwa jicho moja. Nikaangalia sana, kwa sababu nilikuwa na hofu kwamba na hilo litafuata.

Picha ilipokuja, Dokta Goreti alituita pamoja na daktari wa pua, Dokta Nestori. Yeye ndiye alieleza, na alieleza vizuri.

"Mama, unajua ule ukungu unaota juu ya mukate uliolala siku nyingi?"

"Naujua."

"Umeota ndani ya uso wako. Uko hewani, kila mutu anauvuta, haumufanyi kitu. Kwako umekuta korona imekuchosha, sukari imejaa, na hizo tembe zimelaza askari wa mwili. Umekuta nyumba wazi. Sasa unakula. Unapita puani, umefika kwenye jicho. Nyuma ya jicho kuna ubongo."

"Unaambukiza?" Mwamini akauliza.

"Apana, mama. Mushike tu mukono."

Akasema kuna mambo matatu. La kwanza, kushusha sukari kwa sindano na kuacha zile tembe. La pili, kukata kila kilichokufa, na jicho ndani yake. La tatu, dawa ya kuua ukungu kupitia mshipa, wiki nyingi. Na hiyo dawa, akasema akiangalia meza, nchini haipo. Alikuwa ameshapiga simu kila mahali.

"Na ikichelewa?" Hamisi akauliza.

"Tunakata, unaota tena. Tunakata tena. Mpaka hakuna pa kukata."

Nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na watoto mgongoni. Lakini siku zote nilikuwa na kitu cha kufanya: kukimbia, kuficha, kupika, kuomba jirani. Pale sikuwa na kitu cha kufanya. Nilikuwa mtu wa kukaa kitandani huku kitu kinanila, nakijua jina lake, na mikono yangu iko mizima juu ya shuka. Hata kulia nilikuwa nimekatazwa, maana Dokta Nestori alisema nisipenge.

Mwamini akaja na lake. "Zaina, utakwenda mbele ya Mungu na jicho moja? Utamuangalia kaka namna gani?"

"Kaka yako," nikamwambia, "alinioa nina jino limevunjika."

Dokta Goreti alileta karatasi. Akamwomba Hamisi asaini kama mwanaume wa familia. Hamisi akashika kalamu, akaiweka chini, akatoka nje. Hadija hakuweza hata kuiangalia. Maisha yangu yote karatasi zilisainiwa na baba, halafu na Bakari. Nikasema, "Lete." Nikaandika Zaina, herufi tano, zikapanda juu kama ngazi.

Kabla ya kulazwa usingizi nilimuuliza Dokta Nestori jicho watalitupa wapi. Nikamwambia kwetu kiungo cha mtu kinazikwa. Akasema atachukua kipande kidogo cha kupima, kinachobaki atampa mwanangu. Na alitimiza. Hamisi alilipokea limefungwa kwenye kitambaa cheupe, kama tende tatu kwenye leso. Alilipeleka makaburini, akachimba pembeni ya baba yake, akalifukia. Yeye ambaye hakuruhusiwa kumshika baba yake siku ya maziko, alimzikia jicho la mama yake. Aliniambia alilia hapo mpaka mlinzi wa makaburi akaja kumwuliza ni mtoto wa nani.

Niliamka sina jicho, sina nusu ya dari la kinywa, sina meno manne. Nilitaka kuuliza, sauti ikatoka puani, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Hakuna aliyenielewa. Dokta Goreti akaja akaniambia nitaje majina, apime akili. Nikataja: Bakari, Hamisi, Hadija, Mwamini, Maalim Hamza, Sheikh Yasini, Nestori, Goreti. Hakusikia neno, lakini alihesabu vidole vyangu vikifunguka kimoja kimoja, akatabasamu. "Kichwa kiko."

Halafu tukasubiri dawa. Mtoto wa marehemu dada yangu, Sefu, anakaa Dar es Salaam. Familia yote ilijichanga, na mafundi wa mtaa wetu walipitisha kofia ya Bakari gereji kwa gereji. Sefu akaipata, lakini ni dawa inayotaka baridi, haiwezi kuja kwa basi kama gunia. Siku kumi na moja tulisubiri. Kila asubuhi Dokta Nestori alimulika kinywani, na mimi niliangalia uso wake. Akikunja midomo, najua umerudi. Mara mbili alikunja midomo. Mara mbili wakanirudisha kukatwa.

Kitanda cha jirani alilala Mama Konsolata, aliyekatwa uvimbe wa shingo. Mkatoliki huyo, ana rozari, mimi nina tasbihi ya Bakari. Akanipigia hesabu ya eda kwenye rozari yake.

"We Muislamu, leo ni siku ya ngapi?"

Namwonyesha vidole.

"Ihangane," ananiambia, vumilia. "Mimi mume wangu alipokufa nilikaa wiki moja, nikaenda kuuza nyanya. Wewe unakaa miezi. Yangu alikuwa mulevi, lakini."

Nilicheka, na maji yakatoka puani. Kucheka kuliniuma, lakini alinichekesha kila siku, na hakuwahi kugeuza macho nilipofunguliwa bandeji.

Dawa ikafika na Sefu mwenyewe, kwa ndege, kwenye kisanduku cha barafu alichokipakata kama mtoto. Wakaniunganisha. Nilidhani dawa ni nafuu. Saa moja tu, baridi ikanishika, baridi ambayo Bujumbura haina. Meno yaliyobaki yakagongana, kitanda kikagongana na ukuta. Mwamini akapanda kitandani na viatu vyake, akanilalia miguu, akanishikilia. Kila siku chupa ile, kila siku tetemeko lile, na kila siku Mwamini juu ya miguu yangu. Figo zikachoka, wakapunguza, wakaanza tena. Siku moja, katikati ya tetemeko, nilimsikia anasema kwenye magoti yangu, "Ni mimi niligeuza kioo, Zaina. Ni mimi nilikupa zile tembe. Nisamehe." Sikuweza kumjibu, mdomo haukushikika. Nikampiga kichwani taratibu na mkono. Alielewa.

Siku ya mwisho ya eda ilinikuta wodini. Mwamini alikuja na ndoo, maji ya moto, sabuni, na kitenge kipya alichokitoa Hadija sokoni kwake. Mama Konsolata alikuwa amerudi kwa kontrole yake, kuangaliwa kidonda, akashika pazia ili wanaume wasipite. Wakaniogesha kwa kitambaa, wakapita mbali na bandeji. Mwamini akanivisha, akanipaka mafuta ya harufu mkononi, kidogo tu. Hatukupiga vigelegele, kulikuwa na wagonjwa. Mama Konsolata alipiga kimoja, kwa mdomo uliofungwa. Wiki ile ile nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikuwa nimelala pale miezi mitatu na siku kidogo.

Sitawadanganya kwamba nimerudi nilivyokuwa. Kinywani navaa kipande cha plastiki kinachoziba tundu. Nikikitoa, chai inatoka puani. Vitumbua sikaangi tena, mafuta yananirukia upande nisiouona. Watoto wadogo wa mtaa wananiogopa, halafu wanazoea. Sindano ya sukari najichoma mwenyewe, asubuhi na jioni, na kabla ya kuchoma nagonga kikombe na kijiko.

Nilipopata nguvu, Hamisi alinipeleka kwa baba yake. Nikasoma Fatiha kwa Bakari. Halafu Hamisi akanionyesha pale pembeni, udongo mdogo na jiwe. Nikasimama. Kwa jicho sikujua nisome nini. Na hapo ndipo nilimlilia mume wangu, jicho lililobaki likatoa maji kweli, na upande wa pili, palipo na ngozi tu, nikasikia moto kama nako kunatafuta njia. Nililia mpaka nikamaliza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Goreti, Nestori, Sefu, Sheikh Yasini, mafundi wa avenue ya kumi na tatu, na Konsolata, ambaye tunapigiana simu kila Ijumaa na kila Jumapili. Nawaomba ninyi mnaosoma: dawa ya marehemu isimezwe na aliye hai. Mwenye sukari, korona au homa nyingine ikikupitia, pima, usiache tembe zako hata siku ya msiba. Ukiona pua inatoa cheusi, shavu limekufa ganzi, jicho moja linavimba au linalia peke yake, usisubiri hata kesho. Mimi nilisubiri. Siku mbili zile za kukataa nazikumbuka kuliko miezi yote mitatu.

Siku hizi, akifiwa mwanamke hapa Buyenzi, mimi na Mwamini tunakwenda siku ya kwanza. Mimi nakaa naye mkekani, simwambii mengi, uso wangu unasema. Mwamini ndiye anayebeba kioo. Amekinunua mwenyewe, kidogo, chenye fremu ya kijani, anakifunga kwenye khanga. Anamwekea mjane mkononi na kumwambia kwa sauti ile yake ya askari wa mpakani:

"Shika. Jiangalie kila asubuhi, na macho yote mawili. Ukiona kitu, unaniita mimi, minakuletea viatu."